Siku Tatu na Stadi Nane: Kufungua Manifoldi Iliyoshikwa na Kutu

Lori lilianza kulia tak-tak-tak kila asubuhi nilipoliwasha, na baada ya kama robo saa, injini ikishapata moto, mlio ulififia kiasi kwamba ungeweza kujidanganya kuwa tatizo limeisha lenyewe. Dereva wangu alisema ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu. Jirani aliyekuwa akipita alisema ni nozeli ya silinda ya nne. Mimi niliamini tapeti kwa wiki mbili nzima, nikazipima mara mbili, nikazikuta ziko sawa, na ndipo nikanyanyua kabini mchana jua likiwaka na kuona kile ambacho ningepaswa kukitazama tangu siku ya kwanza: mkanda mweusi wa masizi uliojichora ukutani mwa hedi, yaani kichwa cha injini, ukianzia mahali ambapo manifoldi ya eksozi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, inakutana na tundu la silinda ya nne na kupanda juu kama moshi wa kibatari kwenye ukuta wa chokaa.

Mlio wa namna hiyo hupungua injini ikipata moto kwa sababu chuma hutanuka na kuziba kwa muda ule mwanya unaovujisha. Kwa hiyo anayesikiliza injini ikiwa tayari imechemka hatasikia chochote cha maana. Lazima awepo inapowashwa ikiwa baridi.

Lori lenyewe ni Canter yenye injini ya 4D33, silinda nne, lita 4.2, isiyo na tabo, na hedi yake ni ya chuma cha kusubu. Kabla halijafika kwangu hapa Tanga lilikuwa likibeba chumvi kutoka Bagamoyo, na ukilitazama kwa chini huhitaji kusimuliwa historia hiyo. Nati za manifoldi, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana ya 14, zilikuwa zimelika hadi nyingine hazikuwa na pembe tena, bali vinundu vya rangi ya kahawia vinavyobanduka magamba ukivikwaruza kwa kucha.

Ningeweza kuliacha hivyo hivyo, na wapo wanaoendesha miaka na mvujo kama huo. Sikutaka, kwa sababu mbili. Kwanza, moshi wa moto unaopenya pale pale kila siku hula uso wa hedi na wa manifoldi hadi ukachimba mfereji, na mfereji huo hauzibwi na gasketi mpya. Pili, katika gari la aina hii dereva amekaa juu ya injini, na moshi unaovuja chini yake hupanda ndani ya kabini kupitia kila tundu ambalo mpira wake umekauka.

Kabla sijaeleza nilivyofanya, ni vyema nieleze kwa nini stadi za eksozi, yaani vile vijiti vya chuma vyenye uzi vinavyotiwa kwenye hedi na kufungwa nati, hushika kuliko za mahali pengine popote kwenye injini, kwa kuwa njia yote ya kuzitoa inatokana na hapo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa zaidi, hivyo kadiri uzi wa nati unavyooza ndivyo nafasi iliyokuwa kati ya nati na stadi inavyojaa na kubanwa. Juu ya hilo kuna joto. Manifoldi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa sentimita 45 ikipanda nyuzijoto 400 hurefuka kwa takriban milimita 2, wakati hedi iliyo nyuma yake, ambayo inapozwa na maji, haifiki hata nusu milimita. Tofauti hiyo lazima iende mahali fulani, nayo huishia kwenye stadi za pembeni kabisa, ya mbele na ya nyuma, ambazo kila safari husukumwa nje na kurudishwa ndani. Ukiambiwa stadi ya manifoldi imekatika na hujaiona, taja ya mwisho. Mara nyingi utakuwa umepatia. Na stadi ambayo imepinda kidogo kidogo kwa miaka thelathini huwa imeshachoka ndani hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Nilianza Alhamisi jioni, na kazi ya siku hiyo ilikuwa ndogo: brashi ya waya, na mafuta. Nilisugua kila stadi hadi nikauona uzi unaochomoza nje ya nati, kwa sababu uzi huo ukiachwa na magamba yake, nati italazimika kuyapanda inapotoka, na hapo ndipo stadi nyingi hukatika baada ya kuwa zimeshakubali kulegea. Kuhusu mafuta, kila gereji ina imani yake. Wapo wa mafuta ya breki, wapo wa mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, wapo wanaoapa kwa zile za kopo za kupuliza. Mimi huchanganya nusu asetoni na nusu mafuta ya gia za otomatiki, nikatikisa kila ninapotumia kwa kuwa vitu hivyo viwili havipendi kukaa pamoja. Sidai kwamba mchanganyiko huo ni bora kuliko mingine. Kinachofanya kazi zaidi ni muda, na kuwasha injini ipate uvuguvugu kabla ya kupaka, ili inapopoa ivute mafuta ndani badala ya kuyaacha juu. Nilipaka Alhamisi usiku, nikapaka Ijumaa asubuhi, nikapaka Ijumaa jioni, na kila mara nikagonga kichwa cha kila stadi kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba, nikigonga kwa kuelekea ndani, si kwa ubavu. Ugongaji huo mwepesi hupasua kutu kidogo kidogo na kuyapa mafuta njia.

Jumamosi asubuhi nilimwita mzee mmoja aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge zamani, akifungua matrekta na injini za mashine za kukamua katani. Alinikuta tayari nimetia boksi spana kwenye nati ya kwanza na nimeongeza bomba la futi tatu kwenye mpini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hilo bomba ni la nini?”

Nilimweleza kwamba nati ni ngumu. Akalichomoa, akaliweka ukutani mbali na mimi, akaniambia nishike mpini mfupi wa kawaida, na badala ya kufungua, nikaze.

Hilo la kukaza nililisikia zamani lakini sikuwa nimelifanya kwa imani. Nguvu kidogo tu upande wa kukazia, kisha upande wa kufungulia, kisha tena kukazia, bila kutaka nati itoke. Unachotaka ni kwamba ile kutu iliyoungana ivunjike, na inavunjika kwa urahisi zaidi ikisukumwa huku na huku kuliko ikivutwa upande mmoja tu. Boksi iwe ya pembe sita, isiwe ya pembe kumi na mbili, kwa sababu nati iliyolika haina pembe za kugawa. Ikiwa ya 14 inacheza, jaribu kupigilia ya 13 kwa nyundo.

Kisha mzee akanifundisha kusikiliza mkono. Nati inayokubali hulia. Hutoa mlio mkavu, kama mlango wa kizamani, na mkononi unausikia ukikwama na kuachia, ukikwama na kuachia. Hiyo ni habari njema. Rudi nyuma robo, paka mafuta, endelea. Nati isiyokubali, ambayo stadi yake inajipinda, hailii. Mpini unazunguka kimya na kwa ulaini, kama unakoroga uji, na unapoachia unajirudisha kidogo wenyewe. Ukisikia ulaini huo umebakiwa na labda nusu mzunguko kabla ya chuma kukatika, na cha kufanya ni kuacha papo hapo na kuleta moto. Nimekata stadi nyingi maishani, na nikikumbuka vizuri, karibu zote mkono ulinionya kabla, nami nikajiambia labda inalegea.

Stadi tatu za katikati zilitoka kwa njia hiyo, zikilia. Mbili kati ya hizo zilitoka nati na stadi pamoja, jambo ambalo halina ubaya wowote kwa kuwa stadi zote zilikuwa zibadilishwe. Zilizobaki tano zilitaka moto.

Kabla ya moto, tahadhari ambayo sitaifupisha. Mafuta yote niliyokuwa nimepaka kwa siku mbili niliyafuta kwa kitambaa na kuyaacha yakauke, kwa maana asetoni hushika moto hata kwenye baridi kali, achilia mbali joto la Tanga. Nilitoa betri, nikafunika mabomba ya dizeli na nyaya kwa bati, nikaweka ndoo ya mchanga karibu. Na kama una zile dawa za kupuliza za kusafishia breki, soma kopo: zile zenye klorini zikikutana na chuma chekundu hutoa gesi ya sumu iitwayo fosijini, ambayo haikupi nafasi ya kujutia.

Moto uende kwenye nati, si kwenye stadi. Nati inapopata wekundu wa cheri, yaani kama nyuzijoto 700 hivi, tundu lake la milimita 10 hutanuka kwa karibu milimita 0.1, upana wa unywele mmoja wa kichwa, na unywele huo ndio unaotosha kutenganisha kutu na chuma. Ukipasha vyote viwili pamoja kwa muda mrefu, vyote vinatanuka na hujapata kitu. Kwa hiyo tochi ya gesi iwe na ncha kali, izungushwe kwenye nati haraka, na iondolewe mara wekundu unapoonekana.

Hapo ndipo mzee alipotoa mfukoni donge la nta ya nyuki, la rangi ya manjano iliyokolea, lililofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Alisema aliletewa kutoka Handeni na kwamba mshumaa wa dukani nao unafaa ila harufu yake inamchosha. Nati ilipopoa kutoka wekundu hadi weusi, lakini bado inafukuta, aliigusisha nta pale ambapo stadi inaingia kwenye nati. Nta iliyeyuka, ikatulia sekunde moja kama tone la maji juu ya jani la mgomba, kisha ikanywewa. Niliiona kwa macho yangu ikiingia ndani ya uzi na kupotea, na moshi mweupe ukatoka upande wa pili wa nati, ambako hakuna aliyekuwa amepaka chochote. Mafuta yangu ya siku mbili hayakuwa yamefika huko. Tuliacha ipoe hadi ikashikika kwa glavu, tukaweka boksi, nati ikalia na kutoka.

Kwa moto na nta tulitoa tatu. Mbili zilikatika, na kama nilivyokwisha kusema zilikuwa zile za mwisho, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele niliikata mimi. Ulaini ule niliusikia kabisa.

Stadi ya mbele ilikatikia nje, ikaacha kisiki cha kama milimita 8 baada ya manifoldi kutolewa. Kisiki cha namna hiyo usikiendee na praizi ya kubana. Utakilainisha tu kikawa mviringo. Tulikichomelea nati. Chukua nati ya namba moja juu zaidi, kwa stadi ya milimita 10 chukua nati ya 12, ili kijiti cha kuchomelea kipate nafasi ya kuingia ndani ya tundu na kuanza na kisiki chenyewe, kisha kipandishe hadi kijaze nati. Tulitumia kijiti cha milimita 2.5, waya za oltaneta zikiwa zimechomolewa na kibanio cha ethi kikiwa kimeshikwa kwenye hedi yenyewe, karibu na kazi. Usihofu sana kwamba utachomelea hedi: kijiti cha kawaida hakishiki vizuri kwenye chuma cha kusubu, na kwa mara moja udhaifu huo unakusaidia. Nati ya kwanza ilibanduka. Ya pili ikabanduka na kipande kidogo cha kisiki. Ya tatu ilishika, tukaiacha ipoe hadi ikawa ya vuguvugu, mzee akaishika kwa ringi spana kwa vidole viwili tu, akasukuma huku na huku kama anatafuta stesheni kwenye redio, na kisiki kikazunguka. Wengi hudhani nati iliyochomelewa inasaidia kwa kuwa inakupa mahali pa kushika. Inasaidia zaidi kwa sababu joto la kuchomelea limepenya katikati ya stadi hadi mzizini, ambako tochi haiwezi kufika, na stadi iliyotanuka ikiwa imebanwa na hedi baridi inapopoa hunywea na kuachana na kutu yake.

Ya nyuma ilikatikia ndani, milimita moja chini ya uso wa hedi. Hiyo ndiyo iliyotula Jumapili nzima.

Watu wengi wakifika hapo huchukua ile skrubu ngumu yenye uzi wa kinyume inayouzwa kwa ajili ya kutolea bolti zilizokatika. Mimi sitaitumia tena kwenye eksozi. Miaka iliyopita, kwenye injini nyingine, niliitia, nikaikaza, ikakatika ndani ya stadi, nikabaki na chuma kigumu kuliko biti yoyote niliyokuwa nayo, kimezibwa ndani ya tundu la hedi. Ukifikiri vizuri utaona hesabu hiyo haikubali: ikiwa stadi nzima ya milimita 10 imekatika kabla ya kuzunguka, skrubu ya milimita 5 itakuwa na nguvu gani ya kuizungusha?

Tuliamua kuidrili. Hatari ya kudrili ni kwamba stadi ni ngumu kuliko hedi inayoizunguka, na uso wa mahali ilipokatika hauko sawa, hivyo biti huteleza na kukimbilia pale penye ulaini. Ukishtuka, tundu limeshaingia kwenye hedi kwa pembeni. Nilichofanya ni kwenda kwa fundi wa mashine ya kukereza, nikiwa na manifoldi ile ya zamani mkononi, akanikerezea kijibomba cha chuma ambacho kwa nje kinajaa barabara kwenye tundu la stadi la manifoldi, na ndani kina tundu la milimita 5 katikati kabisa. Tulirudisha manifoldi kwenye hedi kwa nati mbili, tukatia kijibomba, na biti haikuwa na pa kwenda isipokuwa katikati ya stadi. Kazi ya fundi yule ilichukua nusu saa, na sijui kwa nini sikuwahi kuifikiria kabla.

Biti ya 5 ilipita taratibu, mwendo mdogo, mafuta mengi, na utepe wa karatasi umefungwa kwenye biti kuonyesha kina ambacho haipaswi kupita. Kina hicho si jambo la kupuuzwa, kwani katika baadhi ya injini nyuma ya tundu la stadi kuna njia ya maji, na unene uliobaki ni mdogo. Baada ya hapo tuliondoa manifoldi, tukapanua kwa 6.5, kisha kwa 8. Stadi sasa ilikuwa imebaki ganda jembamba, na ganda lililopoteza kiini chake halina tena nguvu ya kubana. Kwa sindano ya chuma iliyochongwa kwenye jiwe la kunolea nililikunja ukingo kwa ndani, likachomoka kama maganda ya muwa. Uzi wa hedi ulionekana chini yake, mweusi lakini mzima. Tulipitisha tepu, kile chombo cha kukatia uzi, kuusafisha, tukiizungusha nusu mbele na robo nyuma. Kwa stadi ya milimita 10 pima kwanza hatua ya uzi, yaani umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata, kabla ya kununua tepu: wa 1.25 tundu lake ni milimita 8.8, wa 1.5 ni 8.5, na magari ya Kijapani mengi hutumia wa kwanza wakati duka la jirani huwa limejaza wa pili.

Kurudisha kulikuwa kwepesi, ila jambo moja nusura tulisahau. Tulipoweka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi, fila, kile kibamba chembamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.4 ilipita chini yake upande wa nyuma. Ilikuwa imepinda. Tungeifunga hivyo, stadi mpya zingeanza kazi zikiwa tayari zinavutwa, na mwaka ujao ningeandika habari hizi hizi. Ilikwenda kusawazishwa kwenye mashine, na matundu ya stadi za mwisho yakatanuliwa kidogo kwa ubavu ili manifoldi ipate pa kurefukia. Stadi mpya niliziingiza kwa mkono hadi zikakaa, nikapaka grisi ya shaba kwenye uzi wa nje, nikatumia nati za shaba nyeupe badala ya za chuma kwa kuwa hazioti kutu pamoja na stadi, na nikakaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu mbili.

Jumatatu alfajiri mzee alikuja kabla sijaliwasha. Alichana ukurasa wa gazeti, lile lile la nta, akaushika karibu na kila tundu injini ikiwa baridi na inanguruma, na karatasi haikutikisika. Baada ya wiki moja ya safari za Muheza kubeba machungwa nilirudi na spana nikakagua nati zote nane injini ikiwa baridi. Sita hazikusogea. Za mwisho mbili, ya mbele na ya nyuma, zilikubali kama sehemu ya nane ya mzunguko.